Mkenya Niliyemfundisha Kuamkia

Habari za kifo chake zilinikuta nikinywa chai: yule Mkenya tuliyeishi naye chumba kimoja Fereej Bin Mahmoud, Doha, amefariki kwao Kitale. Kifua, waliandika wenzetu wa zamani. Nilimaliza chai kwanza. Ninyi wasomaji mliozoea kuniona nikiwapamba marehemu mnisamehe leo. Huyu nilimtenda ubaya alipokuwa hai, na sina haki ya kumlilia kwa maneno mazuri.

Tulikuwa walinzi, Watanzania watano na yeye peke yake. Lugha moja, adabu mbali mbali. Siku aliyohamia alitukuta tunakula, tukasema “Karibu!” kama desturi yetu, tukingoja aseme asante, endeleeni. Akanawa, akaketi, akachukua kichwa cha samaki. Tukatazamana. “Kwani si mmeniita?” akauliza huku akitafuna. Naye alitushangaa sisi: “Nyinyi mtu akiwakanyaga, mnamwomba samahani. Mkitaka chumvi mnaanza kuuliza habari ya nyumbani!” Tukamwiga “nipe chumvi” yake mbele ya kila mgeni, tukimcheka, mpaka akawa anaionyesha kwa kidole tu.

Ndipo hoteli moja ikatafuta kiongozi wa walinzi wa ndani, kwenye kiyoyozi. Msaili alikuwa mzee wa Kizanzibari, na tulioitwa ni wawili, yule Mkenya na mimi. Alinizidi uzoefu na Kiingereza. Tukiwa njiani akaniuliza, “Huyo mzee nimsalimie aje ndio nisimkosee?” Nikamjibu kwamba shikamoo ni ya bara, Mzanzibari huamkiwa “chechei.” Kwa asiyejua, hiyo ni salamu ya mtoto mdogo anayefundishwa kuwaamkia wakubwa.

Alitangulia kuingia. Mlango ulikuwa wazi, nililiona pande lile la mtu likiinama na kusema kwa sauti nzito, “Chechei, mzee.”

“Umekuja kunikejeli ofisini kwangu? Toka!”

Nikaingia mimi, nikatoa shikamoo yangu safi, nikapata kazi.

Yeye alisimama juani miaka miwili zaidi, kwenye geti la jengo lililokuwa likijengwa Al Thumama. Mwenzetu mmoja alipomweleza maana ya neno lile, alinifuata jikoni. Nilijiandaa kupigwa.

“Ungeniambia tu unaitaka hiyo kazi,” alisema. “Ningekuachia. Uko na watoto.”

“Ulikuwa utani tu.”

“Utani ni wa watu wawili. Mimi sikuwa nacheka.”

Namba yake nilikuwa nayo miaka yote hii. Sikupiga.

Tuliorudi kutoka Ghuba tunapenda kusimulia ukatili wa mabwana na wa joto, na mengi ni kweli. Lakini aliyemfungia mlango mtu huyu hakuwa bwana wa Kiarabu. Alikuwa ni mimi, niliyekula naye sahani moja na kujiona mstaarabu kuliko yeye. Mtu akikuuliza njia kwa kuwa anakuamini, mwonyeshe, hata kama na wewe unaelekea huko huko.