Swali Langu kwa Mgombea

Naona haya hata kulisimulia. Mwaka wa sabini nlikuwa mgeni Maskati, nimetoka Unguja, na kichwani bado nna kampeni za uchaguzi za kwetu za zamani. Alasiri moja, nyuma ya pazia, nikamsikia ami barazani, kati ya wanaume wenzake, akimhoji kijana nisiyemjua.

"Skuli je?"

"Mwanamke asome mpaka achoke, sheikh."

"Na umeme?"

"Jenereta nshaiagiza."

"Mapato?"

"Ya forodhani yatatosha, inshallah."

Kumbe na huku wapo wagombea! Udadisi ukanishinda, nikafunua pazia mbele ya wanaume wote.

"Na sisi wanawake tutapiga kura?"

Kijana akainama, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Utapiga, mwanangu," akasema ami. "Tena yako ndiyo tunayoingoja. Huyu kaja kukuposa."