Dadu Chini ya Kikombe

Mwulize mtu yeyote pale Kewanja habari za Otiende, atacheka kabla hajakujibu. Atakwambia huyo ndiye aliyewasahaulisha wachimbaji njaa. Ni kweli, hata mimi alinisahaulisha. Siku hizi nikisikia jina lake natema mate chini, na mama mkwe akinikemea namwambia aniache tu.

Alikuja kufuata dhahabu kama sisi wote, Mjaluo wa huku huku mpakani, kijana mwenye kifua. Hakumaliza hata mwaka, jiwe likamsaga goti. Hakushuka tena. Akafungua kibanda cha chai karibu na maduara, yale mashimo yetu ya kuchimbia, na humo ndimo alimoanzishia mchezo wake. Aliuona kwa binamu yake aliyekuwa anasoma Kisumu, ukiwa kwenye kitabu cha Kiingereza. Kitabu alimwachia mwenyewe, mchezo akaondoka nao.

Ulikuwa hivi: kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni. Otiende anasimulia mtu huyo yuko wapi na yamemkuta nini, kisha anauliza, "Sasa unafanya nini?" Unajibu. Jambo likiwa gumu unarusha dadu mbili. Ukipata saba kwenda juu, mtu wako amepona. Chini ya hapo, shauri yako.

Utasema ni mchezo wa watoto. Wee! Ungewaona wanaume wazima wenye matope mpaka kwenye nyusi wamekaa kimya kama wako kanisani. Otiende hakuwa anapiga kelele. Pakiwa pa hatari ndipo aliposhusha sauti, mpaka watu wanaacha kutafuna mandazi ili wasikie. Hakukimbilia mwisho. Angekueleza kwanza harufu ya shimo, halafu tone la maji shingoni, halafu kitu kinachosogea nyuma yako. Na alikuwa na tabia moja iliyowatia watu wazimu: dadu zikianguka kwenye jambo kubwa, anazifunika na kikombe cha bati. "Tutafunua kesho." Watu wanamtukana, wanacheka, na kesho wanarudi wote.

Mume wangu Ryoba ndiye aliyekuwa mgonjwa zaidi wa mchezo huo. Mtu wake aliitwa Marwa, mwizi wa ng'ombe aliyeacha wizi akaenda kutafuta dhahabu. Usiku Ryoba ananisimulia Marwa kafanya nini, utadhani ni ndugu yake wa tumbo moja.

Mimi wakati huo nilikuwa na mimba kubwa, na nilishasema sizai mtoto kwenye vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe. Baba yake Ryoba alikuwa ametupatia shamba Busawe. Nilimbana Ryoba wiki nzima mpaka akakubali: tungeondoka kesho yake asubuhi, na Joel wa bodaboda nilishamwambia aje. Nilifunga nguo, nikafunga na sufuria.

Mchana wa siku ile mvua ilikuwa imejaza maduara, pampu zinavuta maji, hakuna kazi. Ryoba akasema anaenda kuwaaga wenzake. Nikamfuata, maana nilimjua.

Otiende alikuwa amemweka Marwa ndani ya shimo, ananing'inia kwenye kamba, mfuko wa dhahabu mgongoni. "Kamba ina nyuzi tatu," akasema taratibu. "Umesikia hiyo? Moja imekatika. Ya pili inafumuka. Sasa unafanya nini?"

Ryoba alinitazama. Akasema, "Naachia mfuko. Napanda."

Watu wakaguna. Aache dhahabu? Mimi moyo wangu ulifurahi, sitadanganya. Ryoba akacheka, "Marwa akitoka, na mimi natoka. Kesho niko Busawe nalima." Akarusha. Dadu zikabingirika mpaka mbele ya Otiende, naye akazifunika na kikombe.

"Tutafunua kesho jioni."

"Otiende, mwenzako anasafiri!" nikamfokea.

"Si atasafiri keshokutwa, shemeji?" Akacheka. Wote wakacheka, na Ryoba naye.

Asubuhi Joel alikuja akapiga honi. Ryoba akamwambia arudi kesho. Tuligombana, nikamwita mtoto mdogo, nikamwambia ameoa mchezo. Akanibembeleza: "Bhoke, jioni moja tu. Siwezi kumwacha Marwa kwenye kamba." Na kwa kuwa hakuwa na la kufanya mchana kutwa, akasema ashuke mara moja akawasaidie wenzake. Maji yalikuwa yamevutwa, lakini udongo ulikuwa bado umelowa.

Nilikuwa nafungua mzigo nitoe sufuria nipike uji niliposikia mayowe. Matimba, ile miti inayozuia udongo shimoni, yalikuwa yameachia. Walimtoa alasiri.

Otiende alikuja Busawe wakati wa matanga, na fimbo yake. Akakaa, akaanza, "Shemeji, pole."

"Pole yako iweke. Niambie, Marwa alitoka?"

Akainama. "Alitoka. Sita na tano."

"Ulifunua?"

"Niliziona kabla sijafunika. Nilijua nikisema tu, Ryoba kaondoka. Nilitaka anipe siku moja zaidi. Mimi pale sina mtu, shemeji."

Nilitamani kumpiga na kile kiti alichokalia. Sikuwa na nguvu. Nilimwambia amalize uji aende, naye akaenda bila kuumaliza.

Mtoto ni wa kiume, anatembea sasa, na shamba nalilima peke yangu. Juzi Joel alipita akiwa na abiria, akasimama kunisalimu. Nikajikuta namwuliza kuhusu kibanda.

"Mchezo umekuwa chapwa, mama," akasema. "Otiende hafuniki tena. Dadu zikianguka anasema hapo hapo. Watu wakishajua, wanakunywa chai wanaenda zao nyumbani mapema."

"Vizuri," nikamwambia. "Amejifunzia kwa kifo cha mume wangu."