Mguu wa Mlimani

Siku ile, miaka mingi iliyopita, uani kwetu Mlola milimani tulikuwepo bibi yangu, jirani aliyekuwa akipukuchua mahindi, wadogo zangu watatu, mimi, na mgeni mwanamke kutoka Marekani. Juzi nilipita pale. Ua umeota nyasi, lakini nilisimama kama nimeitwa.

Mgeni alikuwa mweusi kutushinda sote, ila wadogo zangu walimpokea kwa kelele, "Mzungu! Mzungu!" Akacheka, akaliandika neno hilo daftarini. Kazi yake, alisema, ilikuwa kujua watu wanavyoitana kwa rangi na wanavyocheza ngoma, na ngoma hakuiandika mpaka mwili wake uijue. Wazee wa ukoo wake walitolewa Afrika wakapelekwa utumwani. Nilipomtafsiria bibi Kiswahili chake kwa Kishambaa, bibi alimgeukia mgeni.

"Basi umechelewa kurudi, mwanangu. Shika jembe."

Hakuwa anatania. Ngoma ya harusi ya akina mama wa kwetu huchezwa kwa mguu wa mlimani: wa juu umekunjwa, wa chini umebana udongo, vilevile unavyosimama ukilima mteremko. Mgeni alicheza vizuri, lakini kama mtu wa tambarare. Akalima nasi msimu mzima, akala makande yetu, nguo zikanuka moshi wa jikoni, hadi jirani akamtania, "Leo mzungu wetu hakuteleza!"

"Mzungu gani?" bibi akamkata. "Huyu mwanafunzi wangu."

Neno lile liliniuma. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita nikalea wadogo zangu. Kila jioni bibi aliniita, "Njoo nikuonyeshe, mama yako aliijua." Nami nikajibu, "Kesho, bibi, nachota maji." Nilikuwa nachota kweli. Ngoma niliisikilizia jikoni, nikikoroga uji.

Bibi ametutoka, pamoja na wazee wenzake wote waliocheza naye. Sasa mdogo wangu wa mwisho anamwoza binti yake. Amenipigia simu: "Dada, tunaanza na mguu upi?" Nikaona aibu, mguu wenyewe sikuujua.

Nimemwandikia yule mgeni, mwanafunzi wa bibi. Amejibu kwamba anakuja, na kwamba nitafute jembe kabla hajafika. Nitajifunza, magoti yakikubali, na binti atachezewa. Lakini bibi aliniita mimi, jioni baada ya jioni, na hilo sijui nitamlipa vipi.