Lugha ya Siri ya Kocha Elia

Enzi zetu pale Flemingdon Park, Toronto, mpira ulichezwa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa amri ya Kocha Elia. Alikuwa wa kwanza kati yetu Wakongomani kuwa nyota wa timu ya chuo, na magoli yake yalisimuliwa kwenye lifti utadhani kila msimuliaji alikuwepo. Kisha goti likamsaliti, akarudi kwenye maghorofa yetu na filimbi shingoni, akatukusanya sisi wasichana.

Jezi zetu zilinuka samaki wa kukaanga, maana zilianikwa jikoni. Mechi zilikuwa Jumapili, saa ya ibada, na mama yangu hakutaka utani na ibada. "Elia, nakupatia mwaka moja tu," alimwambia. "Musipoleta kombe, batoto banarudi kanisani." Elia akakubali bila kupepesa macho.

Tukashinda mechi baada ya mechi. "Mtu mgongoni!" "Piga kushoto!" Wapinzani walibaki wametoa macho. Fainali tukakutana na timu ya Downsview. Kila tulikopanga kupita, wao walishafika. Tukafungwa goli, na beki wao akanicheka: "Dada, kushoto mutapita saa ngapi?" Kumbe nao kwao ni Uvira kama sisi! Tulivyojiona, Kiswahili cha Toronto nzima kilikuwa chetu peke yetu.

Mapumzikoni tulilia, Jumapili zetu zilikuwa zinaondoka hivyo. Elia alicheka mpaka akashika goti lake bovu, kisha akasema, "Nyamazeni. Sasa mtatazamana." Sisi, watoto wa kelele, tukacheza kimya. Tukarudisha goli, tukaongeza la pili. Mama, aliyekuja kutuona tukishindwa, aliingia uwanjani na kitenge chake akipiga vigelegele kabla mwamuzi hajamaliza mechi.

Baadaye chuo kilimchukua Elia akafundishe, na timu yetu akaniachia mimi. Wasichana wangu wa leo wana viatu vya bei mbaya, na mapumzikoni wanakunywa vitu vya rangi ya sabuni ya maji. Nikiita "Mtu mgongoni!" wananijibu, "Sorry, Coach?" Lugha yetu ya siri imekuwa siri hata kwa watoto wetu. Inaniuma, sikatai. Lakini kila Jumapili naita, sauti inakauka, naita tena.

Wiki iliyopita niliita, na binti mmoja akageuka, akampiga chenga mtu aliyekuwa mgongoni kwake.