Kipimajoto cha Baba

Nikisikia harufu ya maranda mapya, naona ukungu wa Igowole na vifaranga wa mama wakibanana juu ya maranda kuzunguka chungu cha mkaa. Baba, mwalimu wa fizikia, alitaka nijue kwa nini wanabanana. Akamtoa mmoja, akamweka uani kwenye sahani ya bati, akanipa kipimajoto na daftari.

"Kila dakika tano, andika."

Niliandika. Namba zilishuka, nami nikafurahi kuona mstari wa grafu unavyoteremka vizuri.

"Baba, hatetemeki tena. Nimrudishe?"

"Bado. Hajapoa sawa na sahani."

Nikasubiri mpaka joto lake likalingana na la sahani.

Jioni mama aliwahesabu vifaranga wake, akauliza mmoja yuko wapi. Nikakimbia kumletea daftari, nikamwonyesha grafu.