Uwatu kwa Kondoo wa Akika

Mimi ni mtu wa kujisifu, na umri haujanipunguzia. Nikipika, mchuzi wangu nausifia kabla mgeni hajanawa mikono. Nikifuga, kondoo wangu lazima wapite mbele ya nyumba za watu, wawaone walivyonona. Tangu nianze ufugaji hapa Pongwe mazungumzo yangu yote ni kondoo, na majirani wamenivumilia tu.

Bwana mifugo alipokuja kufundisha kikundi chetu cha akina mama, alisema kondoo mchanga akiongezewa majani na mabaki ya mimea juu ya nyasi zake, nyama yake huwa laini na haijai mafuta. Akatutajia majani ya mlonge, mashudu ya nazi, na maganda makavu ya machungwa, ambayo kwetu si taabu kuyapata maana Muheza ni pua na mdomo. Nilimsikiliza vizuri mpaka akafika kwenye onyo. Alisema chakula chochote chenye harufu kali kikomeshwe majuma machache kabla ya kuchinja, mnyama abaki na nyasi na maji, kwa sababu harufu huingia kwenye nyama. Nilimsikia, lakini mawazo yangu yalikuwa yameshafika mjini Tanga, kwa wakwe.

Binti yangu ameolewa huko, na wakati ule alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Niliwaambia wakwe kwamba kondoo wa akika atatoka kwangu. Akika, yaani kumchinjia mtoto aliyezaliwa, ni jambo la baba wa mtoto, nalijua hilo, ila mkwe wangu ni kijana mpole na hakunikatalia. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwaonyesha. Kwenye harusi nyama yao ilikuwa ngumu, nami nililisema hilo kwa sauti iliyofika hadi kwenye majamvi ya wanaume.

Basi nikamtenga dume mmoja, nikamlisha kama nilivyofundishwa, kisha nikaongeza la kwangu. Kwetu pwani mzazi hupewa uji wa uwatu, zile mbegu chungu zenye harufu kali, ili mwili urudi na maziwa yatoke. Nikajiambia, kinachomrudishia mzazi mwili kitashindwaje kumnenepesha kondoo? Nikawa naloweka uwatu, nauchanganya na pumba na mlonge. Binti yangu alikuja kunitembelea, akanikuta namlisha, akacheka sana. Kondoo akanona kweli. Sikumkatizia hata siku ya mwisho, nikihofia atapungua kabla wakwe hawajamwona.

Akika ilifanywa mtoto alipotimiza arubaini. Mama mkwe wa binti yangu alimpapasa kondoo mgongoni akasema, "Mashaallah, mwenzangu, huyu umemlea." Nikavimba kichwa. Alichinjwa asubuhi, akakatwa kwenye viungo bila kuvunjwa mfupa, kama ada ya akika ilivyo, na mawifi wa binti yangu wakampika kwa tui la nazi.

Harufu niliisikia kabla sinia halijawekwa chini. Nyama ilikuwa laini, hilo sidanganyi, ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Lakini kila tonge lilikuwa na ule utamu wenye uchungu wa uji wa mzazi. Bibi mmoja, shangazi yake mkwe wangu, alitafuna kidogo, kisha akaisukuma nyama pembeni ya sinia.

"Sufuria hii jana ilipikiwa nini?" akauliza.

Wifi mkubwa akajibu kwamba jana binti yangu alipika humo uji wake wa uwatu, na akaiosha mwenyewe. Wanawake wote wakamgeukia. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mtoto mapajani.

Binti yangu akanitazama mara moja, kisha akainamia mtoto. "Ni mimi, shangazi. Sikuisugua vizuri. Mniwie radhi."

Binti huyu nimemlea mimi. Sufuria akiisugua, unaweza kujitazama ndani yake. Alijua ile harufu imetoka wapi, na alikuwa amechagua aonekane mchafu yeye, nyumbani anakoishi, ili mimi nisiumbuke mbele ya wakwe. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

"Si kweli," nikasema. "Ni kondoo wangu. Nilikuwa namlisha uwatu, mpaka jana."

Kisha mama mkwe wake akacheka kwa upole, akaniwekea mkono gotini. "Mwenzangu, kondoo na uwatu wapi na wapi? Hata mimi ningemsitiri mwanangu."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akaitikia shangazi, naye alinihurumia kwa moyo mmoja.

Nikaapa. Nikawaeleza pumba, mlonge, na jinsi nilivyouloweka uwatu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kunitazama kwa huruma, na binti yangu akazidi kuwa mchafu, sasa mchafu mwenye mama wa kumtetea. Wakaniambia yamekwisha, nile. Nikala. Sijapata kula nyama laini kama ile, na kila nilipomeza nilitamani ardhi inimeze mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda tena kuwasalimu. Binti yangu alikuwa uani anaosha vyombo, mimi nimekaa kwenye kigoda karibu naye. Wifi mkubwa akaja kuchukua sufuria ya kupikia mchana. Ilikuwa inang'aa. Akaiinua hadi usoni, akainusa mbele yetu sote wawili, ndipo akaipeleka jikoni. Binti yangu akavuta sufuria nyingine, akaendelea kusugua.