Baba Kwenye Jani la Karatasi

Kila mwaka ikifika Novemba, mwalimu mkuu wa chekechea yetu pale Azaiba hutugawia karatasi za mada ya majira. Ni mama wa Kizungu aliyekuja Maskati na mumewe akapapenda, na mada zenyewe zinatoka kwao, ambako wakati huo miti hugeuka rangi na kupukutisha majani. Sisi hapa ndio kwanza tunapunguza viyoyozi na kuwatoa watoto uani bila ya kuogopa jua.

Mie ni mwalimu wa darasa la watoto wa miaka minne. Nyumbani kwetu, mtaa wa Hail, tunasema Kiswahili cha Unguja alichokuja nacho bibi yangu; darasani nasema Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili hunitoka nnapochoka au nnapocheka. Mwaka ule nilianza kwa kuwauliza watoto, kwa Kiarabu, kharif, yaani majira hayo ya majani kupukutika, kunatokea nini. Mmoja akasema kunakuwa na ukungu na ngamia wanasimama barabarani. Mwengine akasema tunakwenda Salala kunywa madafu. Hawakukosea, maana kwa Muomani kharif ndiyo hiyo, manyunyu ya Dhofar huko kusini na milima kugeuka kijani. Bibi yangu, lau angekuwepo, angesema ni vuli, na vuli kwake ni mvua. Nikaona maneno hayatanifikisha popote, nikaenda kutafuta majani yenyewe.

Nyuma ya shule kuna mti wa mkungu, ambao wenyeji wanauita bidam. Ndio mti pekee nnaoujua mtaa ule unaopiga wekundu kabla ya kuangusha majani. Tukatoka na ndoo za plastiki, tukaokota. Tukapanga makubwa huku na madogo huku, mekundu peke yake, ya manjano peke yake. Tukayahesabu, tukayalaza chini ya karatasi na kusugua kalamu za nta juu yake mpaka mishipa ya jani ikajitokeza, na watoto wakadhani ni kiinimacho. Kazi kubwa ya mwisho ilikuwa mti wa familia. Shina tulilisokota kwa karatasi ya kaki, majani tukayakata kwa karatasi ngumu za rangi. Kila mtoto alitakiwa alete picha za watu wa kwao, ambandike kila mmoja kwenye jani lake, na siku ya maonyesho wazazi waje waangalie.

Darasani mwangu mlikuwa na msichana aliyeanza mwezi wa Septemba. Mtoto mpole, nywele zimesukwa mistari myembamba, akipenda kushika ncha ya mtandio wangu nnapotembea. Alinivuta moyo upesi kwa sababu alinisemesha Kiswahili, tena cha bara; alisema "nina njaa," "ninataka maji," si kama tunavyosema sisi. Maskati mna familia nyingi zilizotoka bara, kwa hivyo sikulifikiria jambo hilo mara mbili. Mama yake, mwanamke wa rika langu, alikuja kumchukua mwenyewe. Wazazi wengine hubaki kwenye gari wakipiga honi. Yeye alishuka, akanipa mkono, akaniuliza mama yangu hajambo. Nilidhani ni adabu aliyolelewa nayo.

Siku ya kubandika, mtoto huyo alikuja na bahasha. Nilikaa naye kwenye meza ndogo, nikimshikia gundi. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Ya pili ilikuwa ya bibi kizee mmoja kajifunga kanga, akasema ni bibi yake. Akatoa ya tatu.

Kabla ya uso niliijua kofia. Mama yangu aliishona kwa mkono wake Ramadhani nzima iliyopita, nyuzi za rangi ya kahawa juu ya kitambaa cheupe, na maua yake kayabuni mwenyewe, hayauzwi sokoni. Chini ya kofia alikuwa baba yangu. Kakaa kwenye kiti cha plastiki mchangani, ufukweni Qurum, kanzu kaikunja hadi magotini, kampakata mtoto huyu, naye mtoto anakula aiskrimu.

Nikamuuliza, "Huyu nani, mama?"

"Baba."

"Baba yako au babu yako?"

Aliniangalia kama anavyotazamwa mtu asiyejua rangi nyekundu. "Baba yangu. Anakuja Jumatatu na Jumatano."

Tangu alipostaafu wizarani, baba yangu Jumatatu na Jumatano huenda kwenye mazoezi ya goti. Hurudi magharibi, na mie humuuliza goti lake linaendeleaje, naye hunijibu kwa urefu.

Mtoto alinivuta mtandio akaniambia nitie gundi, nikatia, akambandika baba kwenye jani la manjano, kaenda upande. Nilimwomba msaidizi wangu aniangalizie darasa, nikaenda chooni kwa watoto, nikakaa juu ya kile choo kifupi, magoti yamenifika kidevuni. Sikulia. Nilikuwa nikiangalia sabuni na kurudia moyoni kwamba nna mdogo wangu, nna mdogo wangu, kama mtu anayejifunza sentensi ya lugha ngeni. Miezi miwili nilikuwa nikimpangusa pua na kumfunga viatu.

Halafu nikamkumbuka mama. Mama hakosi maonyesho yetu hata moja. Huja na sinia ya visheti, huzunguka ukuta mzima na miwani yake, husoma kila jina. Angekuja siku ile akamkuta mumewe kabandikwa kwenye mti wa watu wengine.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, nikamwomba miti ya familia isitundikwe. Akataka kujua sababu. Nikamwambia nusu, na nusu ya pili akaiona mwenyewe usoni mwangu. Alichosema kilinishtua upya: kwamba yeye siku zote akidhani mtoto yule ni wa kaka yangu au wa ami yangu, kwa vile jina letu la ukoo ni moja. Sisi walimu hatuyaoni majina ya ukoo, tunaona yale ya kwanza tu juu ya vishikizo vya mikoba, na hata ningeliona lake nisingeshtuka, nusu ya Maskati ni majina yayo kwa yayo.

Niliendesha gari mpaka Hail bila ya kukumbuka taa hata moja ya njiani. Niliazimia nisimwambie mama neno. Ningemngoja baba, nimbane peke yake, atafute njia ya kumweleza mkewe kabla ya maonyesho. Mama nilimkuta jikoni anachambua mchele. Aliniangalia, akaweka sinia chini.

"Ushaiona picha," akasema.

Nikamuuliza picha gani.

"Ya baba yako. Nilimwambia yule bibie atie ile ya pwani, uso unaonekana vizuri."

Nilitafuta kiti. Nilikuwa nimejiandaa kumshika mama yangu asianguke, sasa mie ndiye niliyeshika meza. Akanipa maji, akaendelea kuchambua mchele, na huku akichambua akanieleza yote kwa sauti ile ile anayonielezea bei ya nguru. Baba alimwambia mwenyewe, baada ya kumwoa yule mke wa pili, mtoto hajazaliwa bado. Ule mwezi mzima mama aliokwenda Unguja akasema anamuuguza dadake, kumbe dadake alikuwa mzima. Alikwenda kulia mahali ambapo hatutamwona. Aliporudi alimwekea baba masharti yake, ambayo mpaka leo hajaniambia yote, na moja alilonitajia ni kwamba hatodanganywa siku za kwenda kule wala safari. Mtoto alipofika umri wa chekechea, mama yake alipiga simu kuuliza skuli nzuri. Mama yangu ndiye aliyemjibu kwamba nzuri ni ile anayofundisha bintiye.

Nilimwambia wamenifanya mjinga. Kwamba mtu mzima kama mie, nnayelipa umeme wa nyumba hii, nimekaa kati yao nikiulizia goti.

"Tuliogopa," akasema. "Baba yako anakuogopa wewe kuliko anavyoniogopa mimi. Nami nikaona mtu hapendi nduguye kwa kuambiwa ampende. Mwanzo umpende, halafu ujue."

Ndivyo ilivyokwisha kuwa, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Baba alirudi kutoka msikitini baada ya alasiri. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, akatuangalia mmoja mmoja, akaelewa. Akavua kofia akaishika mkononi. Nilikuwa na maneno mengi, yakabaki matatu.

"Ana miaka minne," nikasema.

"Nnajua." Akaigeuza kofia. "Lakini goti nalo ni kweli linaniuma."

Nikatoka jikoni, nikiogopa nisije nikacheka.

Siku ya maonyesho miti ilitundikwa yote. Mama alikuwa kampigia simu mwalimu mkuu mwenyewe. Alikuja na visheti vyake. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta nikimweleza baba wa mtoto mwengine namna ya kusugua jani lipige chapa, macho yangu yakiwa mlangoni. Mke mwenza wa mama aliingia. Walisalimiana bila ya kukumbatiana wala kununiana, wakakaa kwenye viti vidogo vya watoto, na mama yangu akaonesha mkono wa abaya yake ulioguswa na rangi mbichi. Yule bibie akatoa kitambaa kwenye mkoba, akakimiminia maji ya chupa, akampangusa, mama akiendelea kuzungumza na mkono kaunyoosha tu. Picha ile ya baba haikunishtua kama nilivyoshtushwa na mkono huo. Watu huchukua miaka kuzoeana hivyo. Miaka hiyo ilipita na mie nimo humo humo nyumbani.

Baba alikuja mwisho. Alibaki karibu na mlango, viatu mkononi, hajui asimame upande wa nani, mpaka mtoto akamkokota kwenda kumwonesha jani lake. Alijitazama pale ukutani, kabandikwa upande. Hakuniangalia.

Mpaka sasa hajaniangalia sawasawa, nami sijamsaidia. Tunaulizana chumvi, tunaulizana gari. Mama anasema nimpe muda, nami namwambia waliupata muda wa kutosha.

Ijumaa ya baada ya maonyesho mtoto aliletwa kwetu kula mchana. Mama yake alikuwa kashamwambia kuwa mwalimu wake ni dadake. Nilikuwa chumbani, nimetoka kuoga, nikasikia mlango unasukumwa. Alisimama kizingitini na gauni la sherehe, kaduwaa, macho yote kichwani kwangu. Hakuwahi kuniona bila ya mtandio.

"Abla," akasema, maana ndivyo wanavyotuita walimu wa kike, "kumbe una nywele."

Nikamwambia nnazo. Akafikiri, akauliza kama anaweza kuzisuka. Nikakaa chini kwenye zulia, nikampa mgongo, akaanza.